SOMO: Bayogesi ya mfuko, someni kabla hamjauliza

Assalam alaykum. Kila wiki naulizwa hilihili, vipi kupata gesi ya kupikia kwa samadi ya ng'ombe iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki, leo naandika mara moja. Mie niko Wete, nna ng'ombe wawili na mfuko uani.

1. Chimba shimo refu la kulaza mfuko, toa mawe na mizizi.
2. Funga bomba la kuingizia huku, la kutolea kule.
3. Samadi mbichi ndoo moja, maji ndoo moja, koroga iwe kama uji, mimina.
4. Mpira wa gesi, ule utokao mfukoni kwenda jikoni. Hapa ndo nilipoharibu. Nilifunga kiungo juujuu kwa tyubu ya baskeli, miezi miwili moto mdogo kama wa koroboi, nikadhani ng'ombe hawashibi, kumbe gesi yatokea pale na harufu ya mayai viza naisikia kila nikipita. Pakeni povu la sabuni kila kiungo, pakitokota fungeni upya. MSITAFUTE tundu kwa kibiriti! Na hasara si ya chungu tu, zaidi ya nusu ya gesi hiyo ni methani, ndo ile inayowaka, na ikivuja kilo moja yatia joto duniani kama kilo 28 hivi za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100, kwa miaka 20 ni kama 80. Kama utauacha uvuje, bora samadi uianike juani.
5. Ngoja wiki 3 au 4. Gesi ya mwanzo iachie yote mbali na moto, ina hewa ndani.

Kijana wa Konde: Nimejaza jana mbona haiwaki
Jibu: Hatua ya 5.

Mtu wa Mkoani: Mie nilitia maji ya kufulia, si maji tu?
Jibu: Niliandika maji. Sabuni yaua vijidudu vinavyotoa gesi.

Bi Mkubwa: Mwanangu, ukiichoma si yatoa kaboni vilevile?
Jibu: Suali zuri bibi. Kilo moja ya methani ikiungua yatoa kilo 2.75 za kaboni dayoksaidi, ikiachwa ndo ile 28. Na kaboni hiyo ilitoka kwenye majani aliyokula ng'ombe, majani mengine yataivuta tena. Methani yakaa angani kama miaka 12, tukiziba leo hawa walioko skuli watauona unafuu.

Bi Mkubwa: Na lile tope litokalo kwenye bomba la kutolea?
Jibu: Mimina kwenye migomba, usilitupe.

Mtu wa Msuka: Eti hata mpunga watoa methani?
Jibu: Kweli, bonde likikaa maji muda wote vijidudu vya namna hiyohiyo vyafanya kazi chini ya tope. Ukilikausha kidogo kati ya msimu kisha ukarudisha maji, yapungua sana. Bonde lenu la mvua au la mfereji?