Kabla hujakokotoa dozi ya Lutetiamu-177: mambo ya kuzingatia

Umepangiwa kukokotoa dozi kwenye utafiti wa tiba ya saratani kwa dawa yenye mionzi? Usikimbilie programu. Programu inapokea namba yoyote, hata takataka, na itakurudishia jibu lenye desimali tatu. Hapa nazungumzia Lutetiamu-177, ile wanayowekewa wenye uvimbe wa neuroendokrini (unaoanzia kwenye seli zinazotoa homoni) na wenye saratani ya tezi dume iliyosambaa, ila mengi yanahusu iodini-131 pia.

Vizio vya mionzi ya dawa kwanza. Milikyuri 1 ni megabekereli 37. Mzunguko wa kawaida wa gigabekereli 7.4 ni milikyuri 200. Chagua kimoja, ukiandike kando ya kila namba, hata kwenye karatasi ya rafu.

Kalibreta ya dozi, yaani mashine ya kupimia mionzi ya dawa, iwe imewekwa kwa Lutetiamu, na iwe imehakikiwa kwa chombo kilekile unachopimia. Kichupa na bomba la sindano havisomi sawa. Usidhani ni mambo ya vitabuni tu: maabara ya taifa ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipopima upya Radiamu-223, dawa nyingine yenye mionzi, tofauti ilikuwa karibu asilimia 10, na kiwango kwenye maelezo ya dawa kikaandikwa upya kutoka kilobekereli 50 hadi 55 kwa kila kilo ya mgonjwa. Dawa ilikuwa ileile. Namba ndiyo iliyobadilika.

Pima mabaki kwenye bomba na mipira ya dripu. Kilichobaki humo hakikuingia mwilini. Dripu ikivuja mkononi, andika.

Figo za kitabuni achana nazo. Mwanamume wa mfano wa ICRP, tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ana figo zenye gramu 310 kwa pamoja, mwanamke gramu 275. Mgonjwa wako ana zake, zichore kwenye picha ya CT. Dozi ni nishati kugawanya kwa uzito, kwa hiyo figo zikiwa gramu 200 na wewe umeingiza 310, kwenye karatasi umepunguza dozi kwa zaidi ya theluthi, wakati figo zenyewe zinapigwa vilevile. Na uliza kama zote mbili zipo. Kuna watu walishatolewa moja zamani na fomu ya rufaa haisemi chochote.

Sasa saa. Hapa nitakaa kidogo.

Kwenye kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, daftari la chumba cha dawa lilijazwa kwa mkono na muuguzi mzoefu, mwandiko wa kupendeza: "Dawa imeanza 4:30, imeisha 5:00." Aliandika kama sote tunavyosema, saa nne na nusu asubuhi. Kijana aliyehamishia takwimu kwenye jedwali akaingiza 04:30. Kamera inayopiga picha za mionzi mwilini, ambayo hujiandikia muda yenyewe kwa saa 24, ikasema picha ya kwanza ilipigwa 14:40. Kwa hesabu ya jedwali, mgonjwa alipigwa picha masaa kumi baada ya dawa, badala ya manne. Picha za siku zilizofuata nazo zikasogea mbele masaa sita, zote, kwa adabu kabisa, bila hata moja kutoka kwenye mstari wa grafu.

Ingekuwa galiamu-68, ya kupigia picha, ambayo hupungua nusu kila dakika 68, jibu lingetoka la kichaa na kila mtu angeshtuka. Lutetiamu inachukua siku 6.65. Ukijumlisha na inayotoka kwa mkojo, kwenye figo za mgonjwa yule ilikuwa inapungua nusu kwa masaa kama 50. Kwa mwendo huo, masaa sita ya kudhani dawa imekaa zaidi mwilini hupandisha dozi kwa asilimia tisa hivi, na asilimia tisa haimwamshi mtu usingizini. Grei 5.5 (grei ndiyo kizio cha dozi inayopokelewa na kiungo) ikaandikwa 6. Zidisha kwa mizunguko minne: 22 ikawa 24. Kikomo cha figo kwenye itifaki, yaani mpango wa utafiti, kilikuwa grei 23.

Mama yule akaambiwa atapata mizunguko mitatu tu. Kuharisha kulikomtesa muda mrefu kulikuwa kumeanza kupungua, hata uji ulikuwa unakaa. Binti yake akauliza, "Daktari, kwani figo za mama zimeharibika?" Hakuna aliyekuwa na jibu la maana, maana kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ilikuwa safi. Wiki zikapita wakiamini hivyo, mpaka mfizikia mwingine alipofungua daftari lenyewe na kuuliza: saa kumi na nusu alfajiri, nani alikuwa chumba cha dawa? Mlinzi? Mzunguko wa nne ukarudishwa.

Kwa hiyo: fomu iwe na visanduku vya saa 24, tena iandikwe asubuhi au mchana pembeni. Anayeandika na anayeingiza wakae meza moja angalau kwa mgonjwa wa kwanza. Kila asubuhi linganisha saa ya ukutani, ya kompyuta, ya kalibreta na ya kamera, kwa sababu hupotezana zenyewe. Kwa galiamu, dakika 15 tu ni asilimia 16. Na usiishie kwenye jedwali, rudi kwenye daftari.

Ratiba ya picha ipangwe kabla ya dawa. Masaa 4, 24, 96 na 168 ni mpango mzuri, lakini mgonjwa aliyetoka mkoani atalala wapi wiki nzima, na nani analipa? Akikuambia ukweli kwamba hawezi, picha moja ya siku ya nne hivi hukupa makadirio ya figo yanayofaa. Bora hiyo kuliko nne alizoahidi na mbili alizokuja.

Jua pia kikomo chako kimetoka wapi. Ile 23 ya figo ilirithiwa kutoka tiba ya mionzi ya nje, majedwali ya 1991, ambako mionzi hupigwa kwa dakika, si kwa siku kadhaa. Itifaki ikisema 23, ifuate, lakini usimtishe mgonjwa kana kwamba kwenye 23.1 figo zinazimika.

Wakikuambia sasa mnahamia aktiniamu-225, usibebe jedwali la Lutetiamu ukalibadilisha jina. Kamera inaiona kwa shida, na tezi za mate huumia mapema. Watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walitulia kwenye kilobekereli 100 kwa kilo, kwani juu ya hapo wagonjwa walikuwa wanakaukwa midomo vibaya.

Mengine unayajua: mtu wa pili arudie hesabu bila kuona jibu lako, picha ghafi zisifutwe, toleo la programu liandikwe. Na mgonjwa akikukamata kwenye korido akitaka kujua amepata grei ngapi, usimtajie namba ukiwa umesimama. Mpeleke kwa daktari wake, uingie naye.