Kijajuu na kijachini pale kurasa za wima na za mlalo zinapokaa pamoja

Kazi yangu ni kupanga tasnifu na ripoti kabla hazijachapwa, na kinacholeta watu wengi kwangu ni jedwali pana. Waraka wote ni wa wima, lakini katikati kuna ukurasa mmoja wa mlalo wenye jedwali la safu 12, na hapo ndipo mambo huharibika: namba ya ukurasa inaelea katikati ya karatasi, au jina la sura halionekani kabisa. Wengi hukimbilia kutenganisha vijajuu (header, maandishi yanayojirudia juu ya kila ukurasa) vya sehemu za waraka na kuviandika upya kwa mkono. Mimi hilo naliacha hadi liwe la lazima. Ukiwa na vijajuu vitatu vya kuandika kwa mkono, siku msimamizi akibadilisha jina la tasnifu una mahali patatu pa kurekebisha, na mahali pamoja patasahaulika tu.

Ninayoeleza hapa ni ya Word kwenye Windows.

Word haigeuzi ukurasa mmoja mmoja, hugeuza sehemu (section) nzima ya waraka. Kwa hiyo jedwali lako linahitaji mipaka miwili, mmoja kabla na mmoja baada. Bonyeza Ctrl+Shift+8 kwanza ili uone alama zilizofichika. Weka kishale mbele ya kichwa cha jedwali, si ndani ya seli, kisha fungua Layout, Breaks, Next Page. Rudia hivyo hivyo mwanzoni mwa aya inayofuata baada ya jedwali. Sasa rudi ndani ya sehemu ya katikati, bofya Orientation, chagua Landscape. Mipaka hiyo usiifute ovyo. Mpangilio wa sehemu hutunzwa kwenye mpaka ulio mwishoni mwake, kwa hiyo ukifuta ule ulio baada ya jedwali, jedwali linachukua sura ya wima ya sehemu inayofuata.

Sasa ile namba inayoelea. Kijajuu cha kawaida hupangwa kwa vituo vya Tab (mahali ambapo maandishi husimama ukibonyeza Tab), na kituo cha kulia kiko karibu sentimita 16 kutoka pambizo ya kushoto. Kwa A4 ya wima yenye pambizo za sentimita 2.54 hapo ndipo maandishi yanapoishia. Ukilaza karatasi hiyo hiyo, upana wa maandishi unafika sentimita 24.62, lakini kituo hakijasogea. Namba inakwama sentimita 8 na kitu kabla ya pambizo ya kulia.

Dawa yake ni fupi. Bofya mara mbili kwenye kijajuu cha ukurasa wa wima, futa Tab iliyo kabla ya namba, kisha bofya Insert Alignment Tab. Chagua Right, na kwenye Align relative to acha Margin. Tab ya aina hii haipimi kwa sentimita. Hufuata pambizo popote zilipo. Kijajuu kimoja kinatosha waraka mzima, na Link to Previous, kiungo kinachofanya kijajuu kifuate cha sehemu iliyotangulia, inabaki imewashwa. Kama una mstari chini ya kijajuu, uweke kama mpaka wa aya (border), usiuchore, maana mpaka wa aya nao hurefuka na ukurasa.

Kijajuu kikipotea kabisa kwenye ukurasa wa mlalo, tazama Different First Page, tiki inayoupa ukurasa wa kwanza wa sehemu kijajuu chake pekee. Sehemu mpya hurithi tiki hiyo kutoka sehemu iliyotangulia. Ukurasa wa jedwali ukiwa peke yake katika sehemu yake, Word inauhesabu kuwa wa kwanza na kuupa kijajuu cha ukurasa wa kwanza, ambacho mara nyingi ni kitupu. Ondoa tiki katika sehemu hiyo na inayofuata. Namba zikianza upya, fungua Format Page Numbers, chagua Continue from previous section.

Kutenganisha vijajuu na vijachini (footer, maandishi ya chini ya ukurasa) kunakuwa lazima pale kazi inapojalidiwa na chuo kinataka namba ikae pale pale msomaji anapofunua kurasa. Karatasi ya mlalo hujalidiwa sehemu yake ya juu ikielekea mgongo wa kitabu, kwa hiyo ukingo wa chini wa kurasa nyingine unalingana na ukingo wa kushoto wa karatasi hiyo ikiwa mbele yako kwenye skrini. Pambizo pana ya kujalidi nayo ihamishie juu.

Hapa mfuatano ni muhimu sana. Anza na sehemu iliyo *baada* ya jedwali: ingia kwenye kijachini chake, zima Link to Previous. Ndipo urudi kwenye sehemu ya mlalo uzime na huko. Ukianza kubadilisha kabla ya kuzima kule mbele, kurasa zote zinazofuata zitafuata mabadiliko yako. Kijajuu na kijachini kila kimoja kina kiungo chake, kwa hiyo kuzima kimoja hakugusi kingine.

Futa namba ya zamani, na ukiwa bado ndani ya kijachini chora kisanduku cha maandishi. Ndani yake bonyeza Alt+Shift+P upate namba ya ukurasa, kisha kwenye Text Direction chagua Rotate all text 90°. Ondoa rangi na mstari wa kisanduku. Kwenye mpangilio wake weka sentimita 1.25 kutoka ukingo wa kushoto wa Page, na kwa wima Centered kulingana na Margin. Kama namba zako hukaa juu, kisanduku kiende ukingo wa kulia, maandishi yakiwa yamegeuzwa vile vile.

Wanaotumia LibreOffice Writer wana njia nyepesi zaidi: weka mkato wa ukurasa wenye mtindo wa Landscape, ambao una kijajuu na kijachini chake, na baada ya jedwali weka mkato mwingine wa kurudi kwenye mtindo wa awali.

Ukimaliza toa PDF, kisha fungua ukurasa ulio kabla ya jedwali, wa jedwali lenyewe, na kurasa mbili zinazofuata. Hizo mbili zilinganishe, kwa sababu tatizo la Different First Page likibaki, ukurasa wa kwanza tu ndio utakaokosa kijajuu, na wa pili utaonekana mzima.