Kabla hujachagua kozi ya kombinatoriki ya kujisomea nyumbani

Umemaliza kalkulasi, uthibitisho umeanza kukuingia, na kwenye ratiba yako ya kujisomea hisabati za shahada ya kwanza zamu imefika ya kombinatoriki, hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu. Tulia kwanza, usibonyeze kozi ya kwanza inayokutokea.

Usidanganywe na jina. Fungua orodha ya mada, wiki kwa wiki. Chuo kimoja kikisema kombinatoriki kinamaanisha kuhesabu: mipangilio, machaguo, mifuatano inayojizalisha kama ule wa Fibonacci, ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia. Kingine kinamaanisha grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, mwanzo mwisho. Zile zinazoitwa hisabati diskriti, yaani za vitu vinavyohesabika kimoja kimoja, nazo hurudia mengi ya kozi ya mwanzo ya kuhesabu, kwa hiyo ukichukua zote mbili utasoma kanuni ya mashimo ya njiwa (njiwa wakizidi mashimo, shimo moja lazima liwe na zaidi ya mmoja) mara mbili na kujiona umesonga mbele.

Angalia ngazi. Kwenye OpenCourseWare, tovuti ya kozi za chuo cha MIT cha Marekani, ambayo ni bure, kozi ya 6.042J ya mwaka 2010 ni ya shahada ya kwanza. Iliandaliwa kwa wanafunzi wa kompyuta, inaanza na uthibitisho na indaksheni (kuthibitisha hatua kwa hatua, kutoka namba moja kwenda inayofuata), halafu huko mbele inakuja kwenye kuhesabu na uwezekano. Pale pale kuna 18.217 ya mwaka 2019 ya Yufei Zhao, video safi kabisa, lakini hiyo ni ya ngazi ya uzamili, baada ya shahada ya kwanza. Ukiingia bila aljebra ya mstari na uwezekano, lema ya Szemerédi, kanuni nzito ya kugawa grafu kubwa vipande vipande, itakurudisha mlangoni. Iache, itakusubiri.

Funksheni zalishi, yaani njia ya kubeba mfuatano mzima wa namba ndani ya sirisi moja, zinataka uwe umezoea sirisi za kalkulasi, zile jumla zisizo na mwisho. Kama hujazizoea, rudi huko kwanza.

Sasa hili ndilo lililoniumiza: usichukue kozi isiyo na majibu ya mazoezi. Mimi nilichukua. Mhadhiri alikuwa anaeleza vizuri mno, mazoezi yapo, majibu hakuna. Nikasema si neno, mimi ni mtu mzima, nitajisahihisha. Miezi minne nikajaza madaftari mawili na kujiwekea vema nyekundu kila ukurasa.

Siku moja tuko nyumbani kwa shangazi, kuna kikao cha harusi. Kamati ina watu 11, wanawake 6 na wanaume 5, na wanatakiwa watoke wanne wa kushughulikia chakula, wanawake wasipungue wawili. Binti wa shangazi, yuko kidato cha sita, akaniuliza kwa utani, “Kaka, wewe mtu wa hesabu, hao wanne wanaweza kupatikana kwa njia ngapi?” Nikachukua kalamu kwa madaha. Chagua wanawake 2 kati ya 6, njia 15. Wamebaki watu 9, chagua 2 wowote, njia 36. Mara, 540. Nikapiga mstari chini.

Akatazama karatasi, akaniambia taratibu, “Lakini kaka, hata tusipojali nani mwanamke nani mwanaume, kuchagua 4 kati ya 11 ni njia 330 tu.”

Nilinyamaza. Jibu sahihi ni 265: kamati 150 zenye wanawake wawili, 100 zenye watatu na 15 za wanawake watupu. Mimi niliihesabu kamati ya Asha, Neema, Rehema na Juma mara tatu, kwa sababu wawili wa kutangulia wanaweza kuwa jozi yoyote kati ya wale akina dada watatu. Zile za wanawake wanne nilizihesabu mara sita kila moja. Jumlisha 150, 300 na 90 uone kama hupati 540 yangu.

Niliporudi kwenye madaftari, kosa lile lile lilikuwa limelala chini ya vema nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Kwenye kalkulasi ukikosea, mara nyingi mchoro unakushtaki. Kwenye kuhesabu, jibu baya linakuja limevaa suti kama jibu zuri. Kwa hiyo tafuta kozi yenye majibu yaliyoandikwa kwa hatua. Namba tupu mwishoni haikuonyeshi ulipopotea. Na hata ukiipata, kila swali lipunguze kwanza: badala ya watu 11 weka wanne, orodhesha kamati zote kwa mkono, ndipo ulinganishe na fomula yako. Inachosha, ndiyo. Fanya hivyo hivyo.

Mengine ni ya kawaida. Usilipie cheti kabla hujamaliza wiki tatu. Pakua maandishi na maswali yote siku ya kwanza, bando likiisha uwe na cha kufanya. Usiendeshe kozi mbili za kuhesabu kwa pamoja, alama zao za kuandikia hesabu hutofautiana na utachanganyikiwa. Tafuta mtu wa kukusahihisha, hata awe wa kidato cha sita. Usiruke maswali yanayoonekana ya kitoto. Usitazame video umelala. Na madaftari ya zamani usiyatupe, hata yale ya aibu.