Kusoma Tawasifu za Wakweka Nyarakani, Hatua kwa Hatua

Mkweka wa zamani, yaani Mkristo wa dhehebu la Quaker lililoanzia Uingereza, hakuandika maisha yake ili ajisifu. Aliandika kama shahidi: Mungu alimwongoza vipi, na wenzake wapate nini humo. Na kabla maandishi hayo hayajafika kwa mchapaji, watu wengine waliyapitia. Tangu 1673 kulikuwa London na kikao cha Jumatatu asubuhi ambacho kazi yake ilikuwa kukagua maandiko ya Marafiki, kama Wakweka wanavyojiita, kabla hayajachapwa. Kwa hiyo unaposhika tawasifu yao, chukulia kwamba mtu alishapita na kalamu kabla yako. Mimi huanzia hapo: natafuta alipokata.

Hatua ya 1: Jua kisanduku kiko wapi

Makusanyo makubwa yako kwenye nyumba chache. London kuna maktaba ya Marafiki pale Friends House, barabara ya Euston. Marekani kuna vyuo vya Swarthmore na Haverford, Pennsylvania, na Chuo cha Earlham mjini Richmond, Indiana.

Kwa anayetafuta habari za kwetu, hesabu ni rahisi. Misheni ya Pemba ilianzishwa na Marafiki wa Uingereza mwaka 1897, mwaka uleule utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, kwa hiyo anza London. Misheni ya Kaimosi, magharibi mwa Kenya, ilianzishwa 1902 na Wamarekani watatu, Hotchkiss, Hole na Chilson. Hao watafute Richmond kwanza.

Mtego mmoja: mkusanyo mashuhuri wa barua za Wakweka wa mwanzo unaoitwa Swarthmore hauko Chuo cha Swarthmore. Uko London. Jina limetokana na Swarthmoor Hall, nyumba ya kaskazini mwa Uingereza alikoishi mke wa George Fox, mwanzilishi wa Wakweka, na chuo nacho kikachukua jina hilohilo. Usikate tiketi kabla hujasoma hilo mara mbili.

Hatua ya 2: Mwandikie mhifadhi

Barua fupi, jina la mtu unayemtafuta, miaka, na mkutano, yaani ushirika wa Kikweka, aliokuwa mwanachama wake. Hilo la mwisho ndilo linalofungua mlango, kwa sababu Wakweka waliweka kumbukumbu zao kwa mkutano wa mwezi, ule wa mtaani, na mkutano wa mwaka, ule wa eneo kubwa.

Hatua ya 3: Tarehe, taratibu

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na sisi wa Kiswahili tunaanguka kwa namna yetu.

Wakweka walikataa majina ya miezi na siku yaliyotokana na miungu ya kipagani, wakahesabu kwa namba tu. Jambo hili halitushangazi. Mzee wa pwani atakuhesabia Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, bila kusita. Ila siku yao ya kwanza ni Jumapili, si Jumamosi. Ukisoma "siku ya nne", sikio litakwambia Jumanne, kumbe ni Jumatano. Ongeza moja: siku ya pili ni Jumatatu, siku ya tatu ni Jumanne. Ukifika ya tano ni Alhamisi, ya sita Ijumaa, na ya saba ndiyo Jumamosi.

Miezi ni kazi zaidi. Kabla ya 1752, mwaka wa Uingereza na makoloni yake ulianza tarehe 25 Machi, na mwezi wa kwanza wa Wakweka ulikuwa Machi. George Fox alikufa tarehe 13 ya mwezi wa 11, 1690. Ukiandika Novemba 1690 umemuua mapema. Ni 13 Januari 1691 kwa mwaka unaoanza Januari. Mwanzoni mwa kazi hii nilimtafsiria mteja barua ya 1702 nikaandika Agosti palipokuwa na mwezi wa nane. Ilikuwa Oktoba. Nilirudisha nusu ya malipo.

Dawa yake: nakili tarehe kama ilivyo, kisha weka yako pembeni kwenye mabano ya mraba. Usibadilishe kimyakimya.

Hatua ya 4: Weka mswada na chapa ubavu kwa ubavu

Mnamo 1675 hivi Fox alikaa akisimulia maisha yake, na Thomas Lower, mume wa binti wa mkewe, akiandika. Kitabu kilitoka 1694, Fox akiwa kaburini, kikiwa kimehaririwa na Thomas Ellwood. Ellwood alilainisha mengi, na habari za uponyaji wa miujiza alizipunguza. Mswada wenyewe ulichapwa neno kwa neno mwaka 1911 tu.

John Woolman wa New Jersey naye alikufa kwa ndui mjini York mwaka 1772, na shajara yake ikachapwa Philadelphia 1774. Kamati iliacha nje baadhi ya ndoto zake. Tukio la ujanani mwake lilibaki: mwajiri wake alimwamuru aandike hati ya mauzo ya mwanamke mtumwa, akaiandika, kisha akawaambia mwajiri na mnunuzi kwamba kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kikristo. Angalia mpangilio: hati kwanza, maneno baadaye. Hakujificha.

Kwa hiyo ukilinganisha, anza na ndoto, halafu majina ya watu. Ndiko kalamu hupita sana.

Hatua ya 5: Mfuate kwenye mihutasari

Mhubiri wa Kikweka hakusafiri hivihivi. Aliomba cheti kwa mkutano wake wa mwezi, na karani akaandika. Akirudi, alikirudisha. Tawasifu ikisema "nilisikia mzigo wa kwenda", yaani msukumo wa moyoni wa kusafiri kuhubiri, tafuta siku mkutano uliposikiliza mzigo huo. Wakati mwingine uliahirishwa mwezi mzima, na tawasifu haisemi.

Hatua ya 6: Majina ya wenyeji

Kwenye karatasi za Pemba na Kaimosi, usisome majina ya watu wetu kwa macho. Wako walioyaandika kwa sikio la Kiingereza, "oo" ikiwa u na "ee" ikiwa i. Yatamke, jina litajitokeza lenyewe. Ila fanya hivyo kwa sauti ya chini, maana chumba cha kusomea kinasikia kila kitu.