Namna ya kuandika riwaya ya vijana kutokana na mauaji ya kweli: tujifunze na Akeri, 1896

Oktoba 1896, wamisionari wawili wa Kilutheri wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipiga kambi Akeri, miteremkoni mwa Mlima Meru, ili waanzishe misheni. Usiku wakavamiwa na morani wa Kimeru na Kiarusha, wakauawa pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Baadaye Kapteni Kurt Johannes wa kituo cha Moshi akaongoza msafara wa kulipiza kisasi.

Kisa hiki ndicho ninachotumia kuwafundisha vijana uandishi hapa Tengeru, kwa sababu Akeri iko juu yetu tu, unapanda kwa miguu. Nitakuonyesha ninavyofanya.

Hatua ya kwanza: jua nini hakikuwapo. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliandika kwamba shujaa wake alikimbilia polisi Arusha mjini. Mji gani? Boma la Wajerumani la Arusha lilijengwa 1900. Mwaka ule wa mauaji kituo chao cha karibu kilikuwa Moshi. Chukua karatasi, igawe mara mbili, upande mmoja vilivyokuwapo na mwingine visivyokuwapo. Kwenye vilivyokuwapo usisahau sotoka, ugonjwa wa mifugo uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890. Anayepokea wageni wenye bunduki baada ya msiba kama huo hawapokei kwa moyo mweupe. Ukilijua hilo, morani wako hawatakuwa majitu ya kutisha watoto.

Hatua ya pili, na hapa tulia: mtafute asiyetajwa. Majina ya Ovir na Segebrock yamo vitabuni. Wale Wachaga waliokufa nao hutajwa kwa mkupuo, kana kwamba walikuwa sehemu ya mizigo. Mhusika wako mkuu atoke hapo. Mimi nilimchagua mvulana wa miaka 15, mbeba mizigo kutoka Machame, nikamfanya anusurike. Kwa nini Machame? Kwa sababu Kimeru na Kimachame ni lugha ndugu. Wageni wake hawaambulii kitu, lakini yeye akienda mferejini kuchota maji anawasikia akina mama wakinong'ona na anaelewa nusu. Nusu tu! Riwaya yote imekaa kwenye ile nusu: amwambie nani, na akiwa amesikia vibaya je?

Hatua ya tatu: nenda kwa wazee. Usifike na simu imeshawashwa kurekodi. Toa shikamoo, kaa, ulizwe wewe ni mtoto wa nani, kisha uulize. Siku ya kwanza usiandike chochote. Mzee mmoja niliyemwendea alinyamaza kabisa nilipotamka neno "wauaji". Nilirudi wiki iliyofuata nikauliza, "Babu, watu walikuwa wanaogopa nini?" Tukakaa mpaka jua likazama. Na majina ya koo usiyaweke kwenye hadithi, maana wajukuu wanaishi palepale.

Hatua ya nne: andika usiku wenyewe kutoka mahali padogo. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na mikuki, mayowe na damu kurasa mbili nzima, na haikumgusa msomaji. Niliyobaki nayo ni hii:

"Nilikuwa nimelala chini ya migomba kwa sababu ndani ya hema palinuka mafuta ya taa. Jani moja likatikisika, na upepo haukuwapo. Likatikisika la pili."

Damu imo, lakini mvulana haioni mpaka asubuhi.

Hatua ya tano: usifunge kitabu kwenye makaburi mawili. Wanaoanza wengi hukosea hapa. Msafara wa Johannes ulikuwa na wapiganaji wa Kichaga, yaani watu wa kwao mvulana. Nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa, Wameru na Waarusha wengi wakafa. Mvulana wako anaombwa aonyeshe njia, naye anaujua ule mfereji na akina mama wale. Mpe sura nzima ya kuamua, na usimwamulie kwa akili za leo; hajui kwamba baada ya miaka michache, Machi 1900, Wajerumani watamnyonga Mangi Meli, mtawala wa Kichaga, palepale Moshi.

Sura hiyo ikikamilika, ipeleke kwa yule mzee. Msomee kwa sauti, polepole, na kalamu uiache mfukoni mpaka amalize kuzungumza.