Mti wa Kivuli kwa Nyumba ya Mwanza: Uchague kwa Kuufikiria Mwezi wa Nane

Wateja wengi hunifuata kitaluni, hapa Buhongwa, mvua za vuli zikishashika. Miche yote imesimama, majani yanang'aa, na kila mtu ananyooshea kidole ule uliompendeza macho. "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "nipe huo." Mimi humuuliza kwanza anaishi wapi na kiwanja chake kikoje, maana mwezi wa Novemba hakuna mti mbaya. Mti wa kivuli kwa mji wetu huchaguliwa kwa kuufikiria mwezi wa nane: mvua ya mwisho ilinyesha Mei, vumbi limetanda hadi kwenye mapazia, ndoo ya maji ina bei, na mawe ya kiwanjani yameshika moto tangu asubuhi. Mti unaoweza kuuvuka mwezi huo bila kubembelezwa ndio wa kununua.

Kwa hiyo anza na macho kabla ya pesa. Mwishoni mwa Agosti zunguka mtaani kwako kwa miguu, uangalie miti ambayo hakuna mtu anayeimwagilia: ya kando ya barabara, ya makaburini, ya kwenye viwanja ambavyo wenyewe hawajajenga. Upi bado una majani ya kijani? Upi umepukutika? Upi umekauka ncha za matawi? Kisha tazama udongo uliobeba mti huo, uulinganishe na wa kwako. Hakuna mshauri atakayekupa jibu la kweli kuliko hilo, nami nikiwemo.

Ijue ardhi yako, jiwe kwa jiwe

Wageni hupiga picha Jiwe la Bismarck pale ziwani wakaondoka. Sisi wenyeji mawe tunaishi nayo: yako uani, yako chini ya jiko, yamebeba ukuta wa jirani. Chukua mtaimbo siku moja baada ya mvua, ardhi ikiwa laini, uuchome sehemu tano au sita za kiwanja. Ukigonga jiwe kabla mtaimbo haujazama hata kufika usawa wa goti, usikate tamaa hapo hapo. Sogea nusu hatua, piga tena. Mara nyingi kati ya jabali na jabali kuna ufa uliojaa udongo, na mtaimbo utazama humo ghafla. Ufa huo ni mali. Mzizi wa mwarobaini au mkwaju ukiupata, utashuka nao hadi kwenye unyevu ambao wewe huuoni.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa milimani, Isamilo na Mabatini, hawalitumii vya kutosha. Mvua ikinyesha juu ya jabali haizami. Inateremka yote hadi kwenye kitako chake. Udongo ulio chini ya jabali, upande ule maji yanakoteremkia, unapata mvua yake pamoja na mvua ya jiwe zima. Nenda ukachimbe hapo mwezi wa saba, utakuta udongo wa chini bado una ubaridi wakati hatua chache pembeni ni vumbi tupu. Kama una nafasi ya mti mmoja tu kwenye kiwanja cha mlimani, usiupande katikati ya uwanja kwa ajili ya kupendeza. Upande kwenye kitako cha jiwe, na ukiweza, panga mawe madogo nusu duara upande wa chini ili maji yasipite moja kwa moja kwenda kwa jirani.

Ukishapata mahali, chimba shimo la futi mbili, lijaze maji, uliache hadi kesho. Likiwa limekauka, endelea. Maji yakiwa bado yamesimama, ondoa kichwani mwarobaini na mparachichi. Miti hiyo haitaki miguu yake ikae majini.

Wakulima wa Kisukuma wana majina ya udongo kwa kadiri unavyoshuka kutoka kilimani, na majina hayo yanakutosha hata kwa kupanda miti. Luseni ni ule wa kichanga: mzuri kwa mwembe, mwarobaini na mkwaju, ila unapoteza maji upesi. Itogolo una tabaka gumu chini. Hapo bila sururu ya kulivunja tabaka hilo mti unabaki mbilikimo. Mbuga ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka nyufa kiangazi, kama ule wa kuelekea Misungwi na Kwimba. Kwenye mbuga mimi sipendekezi kitu kabla ya mgunga.

Wenye viwanja vya ufukweni wana habari tofauti. Kwanza sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, kwa hiyo jua mpaka wako kabla ya kuchimba chochote. Pili, ziwa linapanda. Mwaka 2020 maji yaliingia kwenye viwanja ambavyo watu waliviona vikavu miaka yote. Huko chini panda mkuyu au mzambarau, inayovumilia maji, na mwarobaini uupeleke juu kwenye mteremko.

Miti yenyewe, na ninavyoiona

Mwarobaini ndio jibu langu la kwanza kwa mtu asiye na maji ya kutosha. Kiangazi kikiwa kimekaza, wenyewe bado una kivuli cha kukaa watu na mkeka. Ukitaka kuotesha mwenyewe, okota mbegu zilizoiva na uzipande ndani ya wiki chache, kwa sababu haziwekeki; aliyekuuzia mbegu za mwaka jana amekuuzia takataka.

Mkwaju unachelewa. Anayepanda mkwaju anawapandia wajukuu, nami humwambia hivyo mteja kabla hajalipa. Lakini ukishasimama, ukame hauutishi na upepo wa ziwani hauuvunji. Kwa familia yenye kiwanja kikubwa huko Kisesa au Usagara, panda mkwaju mmoja, na pembeni yake uweke mjohoro wa kukufaa kwa sasa. Mjohoro unakua haraka, miaka mitatu minne unakaa chini yake, na ukikatwa unachipua tena. Wenye nguruwe wawafunge mbali nao: majani yake ni sumu kwa nguruwe.

Mwembe hauhitaji kusifiwa na mimi. Jambo ambalo watu hawalijui ni kwamba kiangazi chenyewe kinausaidia kutoa maua, kwa hiyo usiumwagilie mwembe mkubwa Juni na Julai kwa kuuonea huruma. Kwa uwanja mdogo nunua mche wa kubebesha, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mwembe mwingine, ambao haurefuki sana. Kwa kivuli kikubwa cha ukoo, mwembe wa kienyeji wa mbegu bado hauna mpinzani.

Mkrismasi unapendwa kwa maua yake mekundu ya mwisho wa mwaka, na kweli ni uzuri wa kusimamisha watu. Ila unapukutisha majani kiangazi, yaani kivuli kinakukimbia mwezi uleule unaokihitaji. Mizizi yake inatambaa juujuu na kuinua matofali ya uwanjani, na taji lake hutanuka hadi kwenye nyaya za TANESCO. Kama una nafasi kando ya geti, mbali na ukuta, upande. Kama una kiwanja cha mita 20 kwa 20, ufurahie ulioko kwa jirani.

Mwashoki ni wa mstari wa uzio. Unasimama mwembamba, haukupi kivuli, na miaka ya mwanzo unataka maji. Mgrivea ni mti mzuri wa shambani, lakini matawi yake huvunjika kwa upepo na miche yake hupendwa na mchwa. Mkaratusi usiulete uani. Unakunywa maji mengi, na chini yake hutapata hata mchicha.

Migunga watu huidharau kwa sababu ya miiba. Mimi naitetea. Inarutubisha udongo, kivuli chake ni chepesi kiasi kwamba nyasi zinaota chini, na ukame ndio nyumbani kwake. Ipande mwisho wa kiwanja, mbali na watoto wanapochezea.

Kabla hujanunua mche wowote, tembea kwenye kiwanja chako kipya uangalie visiki. Jirani zetu wa Shinyanga, kwenye mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986, walirudisha miti kwa kuilinda ardhi isichungiwe, kwa utaratibu wa asili wa Wasukuma wa kutenga ngitili, yaani maeneo ya malisho yanayofungwa kwa muda. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa, ilichipua yenyewe kutoka kwenye visiki na mizizi iliyobaki. Kisiki cha mgunga au mkwaju uani kwako tayari kina mizizi ya miaka mingi. Chagua chipukizi moja lililonyooka, kata mengine, lizungushie miiba. Litaupita mche wangu wa dukani, na ni bure. Inaniuma kuona greda linasafisha kiwanja chote, halafu mwenyewe anakuja kununua kwangu mti uleule.

Nafasi: mwembe au mwarobaini mimi nauweka si chini ya mita saba kutoka ukutani, na mbali zaidi na shimo la choo. Mkuyu usikaribie nyumba, tangi la chini wala bomba. Mizizi yake inafuata maji na haina adabu.

Kwa wenye ndugu kwenye baridi

Mdogo wangu anafundisha Njombe. Alinipigia, "Dada, nitumie miche ya mwarobaini kwa basi." Nikamkatalia. Huko Njombe na Makete, kati ya Juni na Agosti kuna usiku ambao umande unaganda juu ya majani: jalidi. Mti wa joto kama mwarobaini au mkrismasi hauuawi na wastani wa baridi ya mwaka. Unauawa na usiku mmoja wa namna hiyo, maji yanapoganda ndani ya majani na machipukizi. Kama sisi tunauliza kuhusu mwezi wa nane, wao waulize kuhusu usiku mbaya kuliko wote.

Kiangazi cha kwao pia ni kikavu, kwa hiyo mti unapigwa na mawili kwa pamoja. Nilimwambia aangalie inayosimama kwa majirani: miwati, misonobari, mipichi, miplamu, mitufaa. Mgrivea mkubwa huvumilia jalidi hafifu, mdogo huungua. Asipande bondeni. Hewa ya baridi ni nzito, usiku wa anga safi usio na upepo inateremka na kutuama chini, ndiyo maana mti uleule hupona kwenye mteremko na kufa bondeni. Asipogoe wala kutia mbolea kuelekea Mei, kwa sababu machipukizi laini ndiyo yanayoungua kwanza. Udongo uliomwagiliwa mchana hutunza joto kuliko mkavu, na mche mdogo ufunikwe kwa nyasi jioni, ufunuliwe asubuhi.

Kinyume chake pia ni kweli. Ukiona mtu anauza miche ya mitufaa hapa Mwanza, jua kwamba aina nyingi za tufaa zinahitaji miezi ya baridi ili zitoe maua vizuri. Hapa utapata majani.

Kununua na kupanda

Usinunue mche mrefu. Mche wa usawa wa goti, wenye shina nene, utaupita ule wa kimo cha mtoto uliokaa kitaluni misimu miwili. Pindua kiriba, yaani mfuko wa mche, uangalie chini. Mzizi mmoja mwembamba ukichungulia si neno. Ukiona mzizi mnene umetoka, umerudi na kujizungusha ndani ya kiriba kama kamba iliyoviringishwa, uache. Mzizi huo utaendelea kuzunguka hata ardhini, na siku upepo wa ziwani ukija na mvua, mti mzima utalala. Muulize pia muuzaji kama miche imezoeshwa jua. Iliyotoka moja kwa moja kwenye kivuli cha kitalu huungua majani wiki ya kwanza.

Panda Novemba, mvua zikishalowesha ardhi kweli. Ukipanda hapo, mti unapata vuli, unavumilia ukavu wa Januari na Februari, kisha unapata masika ya Machi hadi Mei kabla ya kukutana na kiangazi kirefu. Ukipanda mwishoni mwa Aprili unaupa wiki chache tu. Tenga udongo wa juu na wa chini unapochimba, changanya ule wa juu na samadi iliyooza (mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa), ndio urudi kwanza shimoni. Chana kiriba chote ukiondoe, kata kidole kimoja cha udongo wa chini kwa wembe ili kuondoa mizizi iliyopinda, na shingo ya mche ibaki usawa wa ardhi. Tandaza nyasi kavu kuzunguka, lakini zisiguse shina. Mchwa hupanda kupitia hapo. Majivu kidogo kuzunguka shina husaidia kuwafukuza.

Kiangazi cha kwanza, mpe mti ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, polepole, yote kwa siku moja. Kikombe kila jioni kinafuga mizizi ya juujuu, ambayo ndiyo ya kwanza kufa. Kiangazi cha pili punguza iwe ndoo kila wiki mbili au tatu. Cha tatu, kama ni mwarobaini au mkwaju uliopata ufa wake, uache. Uzio wa miiba usiutoe hadi matawi ya chini yapite kimo cha mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma.