Jinsi ya Kuwamaliza Mende Ndani ya Nyumba, na Kwa Nini Hurudi Baada ya Kupuliziwa Dawa

Mende hawamaliziki kwa urahisi kwa sababu dawa nyingi huwapata wale wanaoonekana, ilhali wanaoonekana ni wachache mno kuliko wale wanaoshinda mchana kutwa ndani ya nyufa, nyuma ya friji na kwenye bawaba za makabati. Nimefanya kazi ya kuangamiza wadudu majumbani kwa muda mrefu, na nyumba zinazonisumbua zaidi ni zile ambazo zimekwisha kupuliziwa dawa mara kwa mara. Huko, wadudu walio dhaifu walikufa, wakabaki wenye usugu, nao ndio wanaozaana.

Hatua ya kwanza: tambua aina ya mende. Mende wa Kijerumani ni mdogo, hana hata sentimita mbili, na ana mistari miwili myeusi mgongoni karibu na kichwa. Huyu huishi ndani ya nyumba pekee. Mende wa Kimarekani hufikia sentimita nne, ni mwekundu wa kahawia, na mara nyingi hutoka kwenye mifereji ya maji machafu, kwa hiyo dawa yake huanzia kwenye vifuniko na mabomba. Mwongozo huu unamhusu zaidi yule mdogo, ambaye ndiye msumbufu mkuu. Jike lake hubeba kifuko chenye mayai kati ya 30 na 40 hadi yanapokaribia kuanguliwa, na ganda la kifuko hicho huyakinga dhidi ya dawa nyingi za kupulizia. Penye joto, watoto hao huweza kukomaa na kuanza kuzaa katika muda wa miezi miwili au mitatu.

Hatua ya pili: tafuta maficho. Ingia jikoni usiku ukiwa na tochi, kisha utege mitego ya gundi kando ya kuta, chini ya sinki na karibu na mota ya friji. Tazama vidoadoa vyeusi vinavyofanana na pilipili manga iliyosagwa. Hicho ni kinyesi, na harufu yake huwavuta mende wengine wakusanyike mahali hapo, kwa hiyo kifutwe kabisa kwa maji ya sabuni.

Hatua ya tatu: wanyime maji. Watu hukazania kufagia makombo, jambo ambalo ni jema, lakini wakasahau bomba linalovuja. Mende mwenye maji anaweza kuishi wiki kadhaa bila chakula, ilhali asiyepata maji hufa mapema zaidi. Ziba mivujo yote na ukaushe sinki kabla ya kulala.

Hatua ya nne: weka chambo cha jeli, yaani chakula laini kilichochanganywa na sumu. Hii ndiyo hatua inayobeba kazi nzima. Weka matone madogo mengi, kila moja likiwa karibu kabisa na maficho uliyoyabaini, badala ya matone makubwa machache. Sumu hii huua polepole kwa makusudi: mende aliyekula hurejea mafichoni, akanya huko na kufa huko, na wachanga ambao hutoka nje kwa nadra hula kinyesi chake na mzoga wake, nao wakafa. Tafadhali usipulizie dawa yoyote karibu na chambo, kwa sababu dawa hiyo huwafukuza na kukifanya chambo kisiliwe. Makopo yanayofukiza chumba kizima pia siyapendekezi, kwani moshi wake hutua juu ya sakafu na meza bila kupenya kwenye nyufa.

Chambo kisipoguswa, badilisha aina yake. Tangu miaka ya 1990 imejulikana kwamba baadhi ya mende wa Kijerumani hukataa chambo chenye glukosi, na mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza kwamba wadudu hao huionja sukari hiyo kuwa chungu. Chagua chambo chenye kionjo tofauti na chenye sumu ya aina nyingine.

Hatua ya tano: ziba nyufa. Fanya hivyo wadudu wanapokwisha kupungua. Mende wa Kimarekani aliyekomaa huweza kujibana katika upenyo wa milimita 3 hivi, na yule mdogo huhitaji nafasi finyu zaidi, kwa hiyo usidharau ufa wowote kandokando ya mabomba.

Hatua ya sita: rudia. Baada ya wiki mbili, kagua mitego na uongeze chambo palipoliwa. Ukiona mende wachanga wiki chache baadaye, usikate tamaa wala usikimbilie kopo la dawa, kwa maana hao wametoka katika vifuko vilivyokuwapo tangu mwanzo na chambo kibichi kitawapata. Katika jengo la ghorofa, wasihi majirani mnaopakana nao watege pamoja nawe, kwani mende hupita kwenye matundu ya mabomba na nyaya. Iache mitego mahali pake hadi ikae miezi mitatu bila kunasa hata mende mmoja mchanga.